Mshale wa Geji ya Mzee Ndahani

Nyuma ya nyumba ninayoishi sasa kuna korongo ambamo vijana hukusanya nyaya kuukuu na kuzichoma ili wapate shaba. Wakiwasha moto wao, harufu huingia kwanza jikoni, kisha chumbani, kisha hujificha kwenye mapazia mpaka kesho yake. Majirani hulalamikia moshi na kukohoa. Mimi sikohoi. Mimi hutapika. Huinama kwenye karo na kutapika kweli, mwanamke mzima mwenye watoto wake, na mume wangu amekwisha zoea kuniletea maji bila kuuliza kitu. Plastiki ya waya ikiungua ina utamu fulani unaokirihi, kama sukari iliyomwagikia makaa pamoja na nywele. Wenzangu wa rika langu hurudishwa utotoni na harufu ya mvua ya kwanza au ya maandazi. Mimi nimeangukiwa na hiyo.

Baba yangu alikuwa fundi umeme wa magari, pale Chang'ombe ya Dodoma. Alijenga kibanda cha mabati mbele ya nyumba yetu, na ndani yake betri zilizopasuka zilivuja tindikali iliyokula sakafu, na mafungu ya nyaya yalining'inia darini kama matumbo ya mbuzi machinjioni. Watu walimwita Fundi Elia. Alikuwa fundi hodari, siwezi kumnyima hilo. Alikuwa na tabia ya kugusa ncha za waya kwa ulimi ili ajue kama kuna umeme, kisha hutema mate meusi pembeni, palepale tulipopita na ndoo za maji. Alinawa mikono juu juu tu, na mafuta yaliyokwama chini ya kucha zake yaliacha mistari kwenye tonge la ugali. Wakati ule niliona ni sawa. Nilidhani baba wote wana ladha ya petroli vidoleni, na aliponimegea nyama nilikula bila kufikiri. Sasa nikikumbuka ladha ile nahisi ulimi wangu unataka kukimbia.

Alichokipenda kuliko vyote ni magari ya zamani. Dodoma ilikuwa inajaa magari mapya ya ofisi, meupe, yenye vioo vyeusi, na baba aliyadharau. Alisema gari la zamani halina siri, ukilifungua unaliona lote. Ndiyo maana alimpenda Mzee Ndahani, au alisema anampenda.

Mzee Ndahani alikuwa mkulima wa kijiji cha Mlali, wa mahindi na alizeti, mrefu, mwembamba, mwenye masikio yaliyotogwa kwa mtindo wa Wagogo wa zamani. Alikuwa na landrova fupi ya kijani aliyoipata kwa misheni moja walipoletewa magari mapya. Mke wake, Bibi Matika, alikuwa amepooza miguu, na landrova ile ndiyo iliyompeleka kanisani, zahanati, mnadani, na kwa ndugu zake. Mzee alimbeba mikononi kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha mbele, akamfunika kitenge magotini, kisha akazunguka upande wake na kuwasha. Kila alipokuja kwetu alinikuta nimekwisha kimbia mpaka barabarani.

"Mbukwa, Nyemo!"

"Mbukwa, babu. Shikamoo."

"Marahaba. Haya, panda uniambie tunakwenda wapi."

Huo ulikuwa mchezo wetu. Katikati ya dashibodi palikuwa na geji ndogo ya duara, kioo chake kimegeuka rangi ya chai. Kushoto iliandikwa herufi D, kulia C, na katikati ulisimama mshale mwembamba. Nilikuwa ndiyo kwanza nimezijua herufi, na nilikuwa na hakika isiyo na chembe ya shaka kwamba D ni Dodoma na C ni Chang'ombe. Dodoma kwangu mimi ilikuwa kule mjini, kwenye maghorofa na soko kuu. Chang'ombe ilikuwa nyumbani. Mzee akiwasha taa kabla ya kuwasha injini, mshale uliegemea D. Injini ikinguruma, mshale uliinuka taratibu ukaelekea C, na mimi nikapiga kelele, "Chang'ombe! Linakuja kwetu!" Mzee alicheka mpaka mabega yakatikisika. Hakunisahihisha hata siku moja. Geji ile ilikuwa inaonyesha tu kama betri inapokea umeme, C, au inaupoteza, D, lakini mimi niliamini kwamba gari lile linajua njia ya kwetu, na kwamba mshale ukisimama kwenye C, Mzee hawezi kupotea.

Siku moja alikuja amechoka na gari lake.

"Fundi, taa zangu zimekuwa koroboi," alimwambia baba. "Nikiwasha taa, honi inakohoa. Mvua ikinyesha siwezi kuwasha na vifutio vya kioo. Nikimpakia Bibi jioni nasali njia nzima."

Baba alifungua boneti, akagusa, akatema. "Dainamo hii inayochaji betri imezeeka, mzee wangu. Nikufungie oltaneta badala yake. Lakini sikiliza vizuri. Oltaneta inasukuma umeme mwingi. Na kwenye gari lako umeme wote wa kuchaji unapita kwanza nyuma ya geji hii, ndipo urudi kwenye betri. Waya wenyewe mwembamba, na ni wa tangu gari lilipozaliwa. Ukiupitishia umeme wa oltaneta, utaiva."

"Utaiva?"

"Kama mhogo. Kwa hiyo tunavuta waya mnene, mpya, kutoka oltaneta moja kwa moja mpaka betri, na fyuzi yake njiani. Geji hii tunaitoa. Tunaweka ya kupima volti. Hiyo haibebi mzigo wowote, yenyewe inachungulia tu."

Mzee aliitazama geji yake kwa huruma kidogo. "Mjukuu wangu atagomba," alisema, akinionyesha kwa kidevu. Kisha akakubali.

Nayaeleza maneno ya baba kama alivyoyasema ili mtu asije akafikiri kwamba hakujua. Alijua. Aliyaeleza vizuri kiasi kwamba hata mimi, mtoto, niliyakumbuka, ingawa nilidhani waya kuiva ni jambo zuri.

Walikwenda wote wawili mjini wakarudi na waya mwekundu, mnene kama kidole cha mtu mzima, na geji mpya ndani ya boksi lake. Mzee aliacha gari, akarudi Mlali kwa basi. Nilijizungushia waya ule shingoni kama shanga nikacheza ngoma uani. Mama alinifukuza, akasema kitu cha watu hakichezewi.

Kabla ya Mzee kurudi, alikuja bosi. Jina lake sikulijua. Nyumbani kwetu aliitwa hivyo tu, bosi, na baba alilitamka kwa sauti ya chini kama mtu aliye kanisani. Alikuwa na gari dogo la zamani, jeupe, lililong'arishwa kama sahani, ambalo halikutoka nje isipokuwa kwa harusi za wakubwa. Binti yake alikuwa anaolewa Jumamosi ile, na gari likiwashwa taa na muziki kwa pamoja lilikuwa linazima. Alikuwa ana shida ileile ya Mzee Ndahani, na dawa yake ilikuwa ileile.

"Fundi wangu," bosi alisema, amesimama mbali ili asichafue viatu, "nimeambiwa wewe ndiye mwenyewe kwa magari haya. Usiniangushe."

Sijawahi kumwona baba akijikunja vile. Alicheka pasipo na cha kuchekesha. Alifuta kiti kwa shati lake mwenyewe. Nilikuwa nimekaa juu ya tairi, na nilimwona akiuchukua waya mwekundu msumarini, akaukata, akaufunga kwenye gari jeupe. Geji mpya nayo ikatoka kwenye boksi.

Mama alitoka na beseni la nguo akasimama. "Baba Nyemo, huo si waya wa Mzee Ndahani?"

"Nitamtafutia mwingine."

"Mzee anakuja keshokutwa."

"Nimesema nitamtafutia."

Jumamosi ile baba aliazima koti akaenda harusini, eti akae karibu kama gari litasumbua. Gari halikusumbua. Alirudi na kipande cha keki kilichofungwa kwenye karatasi laini, na kwa muda mrefu baadaye alituhadithia jinsi bosi alivyomshika bega mbele ya watu. Keki ile niliila. Ilikuwa na sukari nyeupe juu yake iliyoganda kama nta.

Waya mwingine hakuutafuta. Oltaneta alikwisha ifunga kwenye landrova, na asubuhi ya siku ambayo Mzee alitarajiwa, aliuacha ule waya mwembamba wa zamani palepale ulipokuwa, ukipita nyuma ya geji kama siku zote, akauviringishia tepu nyeusi mpya ili uonekane mnene. Panapoonekana tu. Kisha akawasha injini. Mshale haukuinuka taratibu kama nilivyouzoea. Ulirushwa mpaka mwisho kabisa wa kulia, ukagonga ukingo, ukabaki ukitetemeka.

"Chang'ombe!" nilipiga makofi. "Chang'ombe kabisa!"

Baba hakucheka. Alizima gari. Alikaa kidogo ameuma mdomo, kisha akaingia ndani akarudi na bisibisi ndogo na ile gundi kali inayogandisha vidole. Alifungua kioo cha geji. Akausukuma mshale kwa ncha ya ukucha mpaka ukakaa kulia kidogo tu, mahali pa gari lenye afya, akadondosha gundi kwenye kitako chake. Kisha akapuliza. Nakumbuka midomo yake ilivyochongoka, kama mtu anayepoza uji wa mtoto.

"Unafanya nini, baba?"

"Natibu mshale."

"Utakaa hapohapo?"

"Hautatoka tena."

Furaha niliyoipata siku ile ndiyo inayonichefua kuliko yote. Nilidhani baba amefanya hivyo kwa ajili yangu na Mzee, ili popote Mzee atakapokwenda, gari lielekee kwetu siku zote. Nilimkumbatia mguu.

Mzee alipofika aliinama akachungulia. "Mbona geji ni ileile?"

"Nimekuachia, mzee wangu. Hiyo ndiyo sura ya gari lako. Lakini nyuma yake kila kitu ni kipya. Mshale hautahangaika tena kama zamani; ukiwa hapo ulipo, endesha bila wasiwasi."

Mzee alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Ilikuwa mikono mikubwa, yenye mishipa, yenye ukoga wa udongo wa Mlali ambao hautoki. Alisema, "Mungu akuzidishie, mwanangu." Baba akaitikia amina.

Taa za landrova sasa ziliwaka kweli. Mzee alipita kwetu baadaye akasifu. Kisha ikaja siku ya soko Kibaigwa. Mzee na Bibi walifika huko kwa ukungu wa asubuhi, taa zikiwa zinawaka, na katika kuhangaika na magunia na madalali, Mzee alizisahau taa zile mpaka mchana. Betri ikawa imekufa. Vijana wa sokoni wakalisukuma gari, likawaka, Mzee akawashukuru akashika njia ya nyumbani, Bibi Matika pembeni yake na kitenge chake magotini. Betri tupu hunywa umeme kama ng'ombe aliyetoka malishoni kiangazi. Oltaneta ilikuwa inaimwagia kwa nguvu zake zote, na umeme wote ule ulikuwa unapita kwenye waya ule mmoja, nyuma ya geji.

Gari liliwaka moto njiani. Hayo mengine niliyasikia kwa Mzee mwenyewe, kwenye sebule yetu. Maana baada ya hospitali ya mjini kumruhusu alitakiwa kurudi mara kwa mara kusafishwa vidonda, na Mlali ni mbali, na mama alisema bila kumtazama mtu, "Watakaa kwetu." Mzee akawekewa godoro sebuleni, Bibi Matika akalala na mimi. Mikono ya Mzee ilikuwa imefungwa bandeji mpaka viwiko, mikubwa, myeupe, kama isiyo yake. Nyumba nzima ilinuka dawa na kitu kingine chini ya dawa, na kile kitu kingine nilikitambua, kwa sababu kilikuwa kwenye nywele za Bibi na hakikutoka hata mama alipomwosha. Ni ile harufu. Waya na nywele.

Siku chache baadaye baba alikwenda kulitazama gari lililoungua kando ya barabara. Alirudi tukiwa tunakula. Alikuwa na mfuko wa nailoni. Akaufungua pale pale, juu ya mkeka, karibu na bakuli la mlenda, akamtoa panya mkavu, amebanikwa, meno nje.

"Huyu hapa mchawi wetu," alisema. "Nimemkuta nyuma ya dashibodi. Walitafuna waya, mzee wangu. Gari la zamani, huwezi kuwazuia panya."

Nilimtazama yule panya. Hakuwa na mkia. Nilimfahamu. Mtego wa mama ulimkata mkia stoo kwetu, na nilikuwa nimemwona akikauka juu ya bati la kibanda kwa muda mrefu. Nilidhani baba amekosea panya. Mama aliacha kutafuna.

Mzee alitikisa kichwa polepole. "Kumbe panya," alisema. "Na mimi nilikuwa najilaumu. Maana nilinusa moshi mapema, fundi. Mapema kabisa. Bibi aliniambia, simama. Mimi nikatazama geji. Mshale umetulia pale uliponiambia. Nikamwambia Bibi, ni moshi wa lori la mbele, mshale hauna neno. Nikaendelea. Ningesimama wakati ule ningemtoa taratibu. Niliposimama, plastiki ilikuwa inadondoka kama mvua, na mlango wake umekataa, nikauvuta kwa mikono hii." Machozi yalimtoka, na kwa kuwa hakuwa na mikono ya kuyafuta yaliteremka mpaka kidevuni, yakaning'inia. "Kumbe mshale nao huwa unadanganya."

Sikuweza kuvumilia kumwona babu yangu analia. Nilisogea nikamshika goti.

"Usilie, babu. Mshale haukudanganya. Baba aliugundisha kwa gundi ili usitoke Chang'ombe. Hata ukigonga gari hautoki."

Hakuna aliyepiga kelele. Watoto hutarajia kelele, na nilipoikosa nilidhani hawakunisikia, nikaeleza tena, kwa furaha, na jinsi alivyopuliza. Bibi Matika ndiye aliyegeuka kwanza. Alimtazama baba, kisha panya, kisha akaangalia bandeji za mume wake kwa muda. Baba alisema, "Mtoto huyu—" akaishia hapo.

"Waya mwekundu ulikwenda kwa bosi," mama alisema. "Nilimuuliza siku ileile. Nikanyamaza."

Mzee alifumba macho.

Ni Bibi aliyesema, kwa sauti yake ndogo, kwa Kiswahili chake cha kuchaguachagua. "Mikono yake imeungua. Yako ipo. Leta hapa." Akaonyesha bakuli. "Mlishe."

Baba alitazama huku na huku kama mtu aliyepoteza kofia. Mama akamwekea mbele maji na sabuni, akasimama juu yake mpaka akasugua kila ukucha. Kisha baba akamega ugali wa uwele, akauchovya kwenye mlenda, akaupeleka mdomoni kwa Mzee. Mlenda ulivutika, ukadondoka kifuani. Mzee alifungua mdomo akiwa amefumba macho, akatafuna, akameza kwa shida. Nilikuwa nimependa mlenda tangu nizaliwe. Siku ile niliona uzi ule mrefu wa utelezi ukiunganisha vidole vya baba na midomo ya Mzee, nikakimbilia nje.

Ikawa hivyo asubuhi, mchana na jioni. Baba alimlisha, akampeleka chooni, akamfuta, akamfungia kanda za suruali. Mtu angesema ndiyo malipo, na pengine moyo wangu ungetulia kama yangebaki kuwa malipo. Lakini mlango wetu ulikuwa wazi na Chang'ombe nyumba zimebanana. Majirani walipita, wakaona. Mama Rehema wa duka akaanza kusema, "Jamani, Fundi Elia! Anamlisha mzee wa watu kama baba yake mzazi." Wengine wakaleta ndizi. Na mimi, kutoka kwenye pembe yangu, nilimwona baba akibadilika. Siku za kwanza alilisha ameinamisha kichwa. Baadaye akaanza kuvuta kigoda karibu na mlango. Akaanza kusema kwa sauti, "Kula, mzee wangu, kula upate nguvu," pale tu kivuli cha mtu kilipoonekana kizingitini. Watu wakiondoka, tonge lilikuja harakaharaka, kubwa mno, na Mzee akapaliwa. Nilianza kumchukia baba pale. Panya na gundi nilikuwa bado sijavielewa vyote, lakini sauti ile niliielewa mara moja.

Jumuiya ya kanisa ilikuja kuwaombea wagonjwa. Sebule ilijaa, wengine wakakaa uani. Baada ya sala kiongozi wao alisimama akasema wamejifunza mengi kwa Ndugu Elia, kwamba siku hizi ni nadra kumwona mtu akibeba mzigo wa asiye ndugu yake. Watu wakapiga makofi. Baba aliinua mkono kidogo, akasema, "Si mimi, ni Mungu."

Mama alikuwa anagawa chai. Aliweka birika chini.

"Waambie kwa nini unamlisha," alisema.

"Mama Nyemo, wageni wako hapa."

"Ndiyo maana. Waambie."

Baba alicheka kile kicheko alichomchekea bosi. Basi mama akasema yeye, waya kwanza, kisha gundi, kisha panya, kwa sauti ya kawaida, kama anaelekeza mtu njia ya sokoni, na alipofika kwenye panya mwanamke mmoja aliishusha chini ndizi aliyokuwa ameimenya. Watu wakamgeukia Mzee Ndahani wapate kujua. Mzee aliitikia kwa kichwa, mara moja tu. Baba alitoka akaenda kukaa kibandani kwake, na hakuna aliyemfuata.

Bandeji zilipotolewa, vidole vya Mzee vilikuwa vimeshikamana kwenye viungo, vimejikunja, vinang'aa kama ngozi ya mjusi. Hakuweza tena kushika jembe wala usukani. Mtoto wake alikuja kuwachukua na gari la kukodi, akambeba Bibi Matika kwenye kiti cha mbele, kazi ambayo ilikuwa ya Mzee, na Mzee akasimama pembeni akitazama. Hapo ndipo baba alipotoka. Alisema maneno mengi kwa haraka, ya shetani, ya ujana, ya haraka ya kazi, kisha akasema, "Nisamehe, mzee wangu."

Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. "Nimekusikia," alisema.

Baba akasubiri. Mzee alikuwa amekwisha nigeukia mimi. Aliniwekea kichwani mkono ule mgumu, nikausikia ulivyo mwepesi, akaniambia nisome kwa bidii. Wakaondoka. Hawakurudi Chang'ombe tena, na walipofariki, Bibi kwanza, kisha yeye, tulipata habari baada ya maziko.

Wateja walimkimbia baba kwa muda, kisha wakarudi, maana watu husahau na magari huharibika. Mama aliishi naye mpaka mama mwenyewe alipokufa, lakini tangu siku ile hakula naye chombo kimoja. Mimi nilisoma, nikaajiriwa, nikaolewa. Watu wa rika langu, tukiwa kwenye vikao vyetu, huniambia mzazi ni mzazi, mwachie Mungu. Nimejaribu. Namnunulia dawa, namlipia umeme, namsalimu shikamoo. Akininyooshea mkono ninaushika, halafu natafuta sabuni.

Juzi tulikwenda kumtembelea. Watoto wangu walikaa miguuni pake uani, naye, amenenepa, amevaa shati safi, akaanza kuwahadithia. Akawaambia kwamba zamani, mama yenu akiwa mdogo, alikuwepo mzee mmoja maskini kutoka Mlali aliyeungua mikono, hana wa kumtazama, na babu yenu huyu ndiye aliyemchukua nyumbani kwake na kumlisha kwa mkono wake mpaka akapona. Alisema hata kanisani walimpigia makofi. Aliyasema macho yake yakiwa makavu na yenye amani, na niliona kwamba hadanganyi tena. Ameisimulia mpaka ameiamini.

Mwanangu mdogo alikuwa anasikiliza kwa mdomo wazi. "Babu, aliunguaje mikono?"

Baba aliniangalia. Nami nikamwangalia. Nilikuwa nimeshika sahani ya karanga, nikaiweka chini.

"Ah, mambo ya zamani hayo," alisema, akawapungia mkono. "Haya, nendeni mkacheze."

Watoto walianza kuinuka.

"Kaeni," nikawaambia. "Babu yenu hajamaliza."